Steki Mbili za Shelby

"Mimi na steki? Naweza kuikaanga hata nikiwa nimefumba macho!" Shelby Hruska alimwambia rafiki yake Brooke waliposhuka kwenye basi la shule.

"Fumbua hata moja," Brooke akamjibu, "usije ukakaanga taulo."

Ukweli ni kwamba Shelby, mwenye miaka kumi na miwili, hakuwahi kukaanga hata yai likabaki zima. Lakini siku hiyo alikuwa na sababu ya kujitapa. Tangu baba yake, Milo, atoke hospitalini, kila sahani iliyopelekwa chumbani kwake ilirudi kama ilivyokwenda. Alikuwa amekonda mpaka mkanda wake ukatobolewa matundu mapya. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amesema, "Labda leo ningeonja steki."

Ndani ya friji vilibaki vipande viwili vya nyama ya mbavuni, vinene kama kamusi, vya mwisho kutoka kwa ng'ombe wao wenyewe. Bibi Vlasta, mama yake Milo, alikuwa ameagiza asubiriwe mpaka amalize kulisha ng'ombe.

Nani asubiri? Shelby alichomoa kipande kimoja, kibichi na baridi, maji yanachuruzika, akakitupa kwenye kikaango ambacho hakijapata moto. Kikalia pss, kikanyamaza. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akakibonyeza, akakichoma uma. Maji yakajaa, nyama ikachemka, ikawa ya kijivu kama soksi kuukuu. Akaongeza moto mpaka mwisho. Moshi ukatanda, kengele ya moshi ikapiga mayowe, naye akaipepea kwa taulo kama anafukuza nyuki. Nje mkaa, ndani barafu! Akaitupa nyama kwenye bakuli la mbwa. Mbwa akainusa, akamtazama, akaenda kulala.

"Mbona kunanuka moto?" Bibi Vlasta aliingia akivua mabuti.

"Labda tosta, Bibi."

Bibi akafungua friji. "Na tosta ndiyo iliyokula steki?"

Shelby akaangua kilio. "Imebaki moja tu! Nikiiharibu na hii, baba hatakula tena!"

"Basi hatutaiharibu. Haya, futa pua, unawe mikono."

Waliikausha nyama kwa karatasi, wakaitia chumvi, wakaiacha mezani ubaridi uitoke. Kikaango cha chuma kikawekwa motoni mpaka mafuta yakaanza kufuka. Nyama ilipogusa chuma, ilinguruma. Mkono wa Shelby ukanyooka na uma.

"Wee! Utaichokonoa mpaka lini? Iache. Ikiwa tayari itajibandua yenyewe."

Kweli ikajibandua, rangi ya hudhurungi iliyokolea. Wakaigeuza, wakatia siagi na kitunguu saumu, na Shelby akaimwagia siagi ile kwa kijiko, taratibu. Kisha ikapumzishwa juu ya ubao, maana ikikatwa mara moja mchuzi wake wote hukimbia.

Alipogeuka na sahani, baba yake alikuwa ameshaketi mezani, amevaa soksi na koti la kulalia. Alikata kipande, akatafuna, akafumba macho. Akakata kingine.

"Nimeikaanga mwenyewe, baba," Shelby akasema. "Mara moja tu, wala haikunisumbua."

Bibi akakohoa.

"Hongera," alisema Milo. "Na ile iliyo kwenye bakuli la mbwa kaikaanga nani?"

"Umejuaje?"

"Kengele ile ingeamsha hata maiti. Nilikuja mpaka mlangoni, nikakuona unapigana na moshi. Nilitaka kurudi kitandani, lakini harufu ya hii ya pili ikanishika miguu. Nimeegemea ukuta muda wote kama mwizi, mate yananidondoka."

Shelby akainamisha kichwa. Baba akamshika kidevu.

"Sikia, mwanangu. Kuunguza nyama si kosa. Mimi nimeunguza nyingi. Lakini miezi yote hii watu wananiambia 'hujambo, utapona tu,' halafu wanakwenda kulia jikoni. Nimechoka kudanganywa kwa upendo. Mtu akiunguza, aseme ameunguza. Hapo ndipo nitakapomwamini siku akiniambia mambo ni mazuri."

"Nimeunguza, baba. Ikawa nyeusi tititi. Hata mbwa kaikataa."

Milo akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nimesikia. Sasa leta uma wako upesi, kabla sijaimaliza."