Nani Anakanyaga Klachi?

Injini ilinguruma. Gari likapunguza mwendo.

Mwaija alizidisha mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda mpaka kwenye nyekundu, ule wa kasi ukashuka. Alikuwa gia ya nne, kilima cha Sindeni, na mbele yake Land Cruiser ya kijivu ilikuwa inapotelea kwenye kona.

Subaru Impreza yenye turbo, gari ambalo asubuhi lilimbandika mgongo kwenye kiti, sasa lilikuwa linapitwa na lori la mkaa.

Redio ikakwaruza.

"Nyuki, hapa Mzinga." Alikuwa Yasinta, mkuu wake wa kazi, akiita kutoka Tanga. "Wako wapi?"

"Wanaelekea Korogwe. Baruti yote waliyoiba mgodini Kang'ata wanayo."

"Treni ya abiria inavuka daraja la mto Pangani hapo Korogwe jioni hii. Askari wangu bado wako njiani. Uko peke yako."

"Nimekupata."

Lakini hakuwa peke yake, na hilo ndilo lililomtia baridi.

Mwaka jana, kwenye kilima hiki hiki, Hiza, mwenzake wa kikosi, aliwafukuza watu hawa hawa. Mwaija ndiye aliyekuwa kwenye redio. "Kanyaga, Hiza!" alimhimiza. Hiza alikuwa katikati ya kulipita lori, na basi lilikuwa linamjia. "Injini inalia, Mwaija. Gari haliendi!"

Kisha kimya.

Ripoti ilisema dereva aliunguza klachi mwenyewe kwa kutojua kuendesha. Mama yake Hiza, Bi Shadya, alipokea mwili na aibu kwa mkupuo mmoja. Tangu siku hiyo ile sauti ilimfuata Mwaija jikoni, bafuni, hata katikati ya swala.

Leo ilikuwa imepanda naye gari.

Alimpigia Enock, fundi wa kikosi, aliyelikagua gari asubuhi huko Handeni.

"Mtani, klachi inateleza."

"Si nilikwambia sahani ya klachi imechoka, dada? Usisimame. We kanyaga tu, utafika."

Kanyaga tu.

Mwaija akaegesha pembeni.

Sahani ilikuwa mpya, haijamaliza hata mwezi. Na sahani iliyokwisha huteleza tangu asubuhi. Hii ilishika vizuri injini ikiwa ya baridi, ikaanza kuteleza ilipopata moto. Alibonyeza pedali ya klachi kwa kiganja. Ilikuwa ngumu tangu juu kabisa, haina hata ule ulegevu mdogo ambao pedali yoyote nzima huwa nao.

Alifungua boneti, akapenyeza mkono mpaka kwenye silinda ndogo juu ya giaboksi, akalegeza skrubu ya kutolea hewa kwa spana namba kumi.

Mafuta ya klachi yakaruka, yakamchoma vidole.

Alibaki ameduwaa. Mafuta hayo husukumwa na pedali, na ndani ya gari hakukuwa na mtu.

Sasa nani anakanyaga klachi?

Alijikuta anachungulia kiti cha dereva. Aliogopa, hakuona haya kukiri. Kwa pigo moja la moyo alikuwa na hakika kwamba angemkuta Hiza pale, mguu umekazana.

Kiti kilikuwa kitupu. Akafunga skrubu, akainama chini ya dashibodi na tochi.

Fimbo inayotoka kwenye pedali kwenda silinda ya juu, ile inayosukuma mafuta, ilikuwa imerefushwa. Nati yake ilikuwa na alama mpya za spana, zinang'aa. Fimbo hiyo iliizuia pedali kurudi yote, mafuta yakakosa njia ya kurudi kwenye kikopo chake. Yakipata moto yanatanuka, yanaikanyaga klachi yenyewe. Anayekuja kukagua baadaye anakuta sahani imeungua, na lawama zinakwenda kwa dereva.

Ndipo akaukumbuka msiba wa Hiza kule Kang'ata.

Enock alikuja kama mtani wa ukoo, na kama desturi inavyotaka, akamwigiza marehemu. Alivaa kofia ya Hiza, akakalia kinu, akakanyaga hewa kwa miguu yote miwili. "Injini inalia! Gari haliendi!" Watu walicheka mpaka machozi. Bi Shadya naye alicheka, akampa mtani ile kofia iwe yake.

Maneno yale Mwaija hakumwambia mtu. Hata kwenye ripoti yalimshinda kuandika.

Enock hakuyasikia popote. Aliyajua kwa sababu ndivyo alivyolitengeneza gari life.

Mwaija akairudisha fimbo mpaka pedali ikapata ulegevu wake. Akakaza nati. Akapiga simu.

"Enock, gari limekufa. Nimekwama Sindeni."

"Pole sana, dada. Tulia hapo hapo, nakuja kukuvuta."

Asiyefukuzwa hakimbii. Aliwakuta Korogwe, karibu na daraja la reli, wamefungua milango ya Land Cruiser wanamenya machungwa. Mmoja alikuwa mgeni mwenye shati la kaki. Wa pili alikuwa Enock, kofia ya Hiza kichwani; kumbe simu zake alizipokea akiwa ndani ya Land Cruiser hiyo.

Subaru ikaingia kati yao na daraja kwa kishindo. Mgeni akapeleka mkono kiunoni.

Bastola ya Mwaija ikasema mara moja. Mgeni akaanguka ameshika bega.

"Mtani," Enock alijaribu kucheka, mikono juu. "Mbona hivyo?"

"Utani ni wa msibani, Enock. Leo hafi mtu."

Akamvua kofia kabla ya kumtia pingu.

Treni ikavuka, abiria wakiwa wamelaza vichwa dirishani. Askari wa Yasinta wakafika. Mwaija hakusubiri kupongezwa. Akarudi kwenye gari lake taratibu, simu sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiza hakuunguza klachi. Walimchezea gari."

"Nani?"

"Yule mtani aliyetuchekesha."



"Na mimi nilimpa kofia ya mwanangu kwa mkono wangu huu."

"Ninayo hapa, mama. Naileta."

Akaiweka kofia kwenye kiti cha abiria. Kwenye kilima cha Sindeni akaingiza gia ya nne, akakanyaga mafuta, akaisubiri ile sauti.

Injini ikalia. Gari likaenda.