Kikombe cha Njia ya Habaswein

Jua lilikuwa limeinama Bishar alipouona mshale wa joto umepanda hadi kwenye alama nyekundu. Alikuwa akipeleka unga Wajir kutoka Garissa, na kufika Habaswein zilibaki kilomita thelathini zisizo na nyumba wala kisima. Pikapu ikachemsha. Ikazimika.

Alifungua boneti, akangoja mvuke upungue, akakizungusha kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Ndani mkavu. Nyuma alikuwa na mtungi mmoja wa maji, nao haukujaa.

"Adeer."

Hakuwa amesikia hatua, ila sauti ikimwita ami kwa Kisomali. Mwanamke kijana alisimama kando ya barabara, amejifunika shuka hadi kichwani, mtoto mgongoni. Alinuka moshi na maziwa yaliyolala.

"Adeer, nipe maji. Mtoto amenyamaza tangu adhuhuri."

Bishar aliutazama mtungi, akaitazama rejeta.

"Binti yangu, gari likinywa, nitawafikisha hospitali kabla ya isha. Nikikupa wewe, tutalala hapa sote."

"Kikombe tu."

"Subiri kidogo, wallahi."

Mwanamke hakubisha. Aliketi mchangani, akasubiri.

Bishar akamimina. Maji yakashuka... gu, gu, gu... kama koo la mtu aliyeshinda na saumu. Alipowasha, moshi mweupe ulifuka nyuma, mzito. Akamimina tena. Moshi ukazidi. Injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.

Mtungini yalibaki maji ya kikombe kimoja. Akakijaza kikombe chake, akageuka.

"Haya, mama, mnyweshe..."

Hapakuwa na mtu.

Pale alipoketi palikuwa na kaburi. Dogo, la urefu wa mkono mmoja na nusu, mawe yake yamezama mchangani kwa miaka. Kichwani pake mtungi mtupu wa manjano, umepasuka kwa jua.

Kwa swala ya magharibi alitayamamu kwa mchanga. Kikombe kile hakuthubutu kukigusa. Sheria aliyoisoma utotoni humwondolea mtu udhu wa maji ili mwenye kiu anywe. Haikutaja injini.

Asubuhi lori lilimvuta hadi Habaswein. Fundi Dagane alikifungua kichwa cha injini, akaiinua gasketi inayoziba hapo, akamwonyesha ilipoungua kati ya silinda na njia ya maji.

"Abti, mjomba wangu, maji yalikuwa yakipenya hapa, yakitoka kama moshi. Hata ungemimina kisima kizima, gari hili lisingekwenda."

"Basi maji niliyomnyima..."

"Uliyamwaga hewani."

Bishar alipomweleza yote, Dagane aliweka spana chini. Akanong'ona kuwa mwaka wa ukame mkubwa mwanamke alisimama pale penye kaburi siku tatu, akiyainulia magari mtungi mtupu. Mtoto akafa. Mama akamzika kwa mikono yake, akaondoka. Hakuna ajuaye alikoishia.

"Mwaka ule ulikuwa ukipita njia hii?"

Bishar aligeukia barabara. Aliuona tena akilini mtungi wa manjano ukiinuliwa vumbini, na mguu wake mwenyewe ukikanyaga mafuta kwa haraka ya kufika. Uso wa mwanamke hakuuona siku ile.

Mara hii mwanamke alikuwa amesogea karibu, ili Bishar auone.

Gari lilipona. Kichwa kilisawazishwa, gasketi mpya ikafungwa, na mshale hutulia katikati. Kila apitapo, Bishar husimama, huweka kikombe cha maji kando ya kaburi, huomba msamaha, huenda zake. Hurudi siku ya tatu, chini ya jua lile linalokausha visima, hukikuta pale pale, hakijapokewa.

Kimejaa.