Abiria wa Gari la Milima

Gari lilipanda na abiria wanne, likarudi na watatu. Abiria wenyewe walikuwa maharage, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyejali.

Kudra, binti wa miaka sita, ndiye aliyewapa majina: Baba, Mama, Kudra na Mama Mkubwa. Mama yake, Zuena, alizungusha mkono wa mashine, kigari kikavutwa na mnyororo hadi kileleni, ta-ta-ta-ta, kikasita kidogo, kisha kikaporomoka, kikapinda, kikapanda kilima cha pili, kikashuka, kikasimama palepale kilipoanzia. Harage la Mama Mkubwa halikuwamo. Walilitafuta chini ya meza na ndani ya mkeka wasilione. Kudra akaweka jingine, nalo likaenda na maji.

"Mama Mkubwa hataki kupanda," alisema Kudra.

"Ana tumbo kubwa, anaogopa kutikiswa," Zuena alijibu, wakacheka. Mama Mkubwa mwenyewe, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mchele, naye alicheka. Kweli kikulacho ki nguoni mwako, na saa nyingine kinacheka pamoja nawe.

Huyo Mama Mkubwa ni Mwanakhamisi, dada yake Zuena wa tumbo moja. Walizaliwa Kilwa. Mama yao alifariki Zuena akiwa ananyonya, na Mwanakhamisi, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akalala njaa ili mdogo wake ashibe. Walipokua waliolewa na watu wa biashara wa bara, mkubwa akaenda Iringa, mdogo akaja Mbeya kwa Ahmadi, fundi saa. Zuena alijaliwa Kudra. Mwanakhamisi alikuwa amezika watoto watano, na hakuna hata mmoja aliyefikisha siku arobaini. Basi Juni ya mwaka 1957, alipoteremka kwenye basi la relwe, la shirika la reli, na mimba ya sita, ya miezi sita, Zuena alilia kwa furaha pale pale kituoni mbele za watu.

Mwanakhamisi alikuja na sanduku jekundu la mbao. Ndani yake mlikuwa na vipande vya chuma vyenye matundu, nati ndogo kama dengu, magurudumu, mnyororo mwembamba na spana mbili za kuchezea. Alilinunua kwenye mnada wa vyombo vya Mzungu mmoja aliyerudi kwao.

"Nimekuletea wewe, sikumletea mtoto," alisema. "Naijua mikono yako."

Alikuwa anasema kweli. Zuena alishazoea kukaa kando ya meza ya mumewe, na skrubu ambayo wengine huiona kwa lenzi yeye aliiingiza kwa kupapasa. Kitabu cha sandukuni kilikuwa na picha za vitu vya kujenga: winchi, daraja, lori, na ukurasa wa mwisho kabisa, gari la milima.

"Huko kwa Wazungu wanajenga kubwa, la kupanda watu," Ahmadi alieleza. "Wanakata tikiti, wanapiga kelele njia nzima, wanashuka."

"Wanalipa ili waogope?" Zuena aliuliza.

"Ndiyo raha yao hiyo."

Zuena alitaka kuanza na winchi, kazi nyepesi. Mwanakhamisi akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho. "Jenga hili, mdogo wangu. Hayo mengine ya watoto."

Kazi ilichukua siku tisa. Nguzo zilisimama zikaanguka, zikasimama tena zikayumba, mpaka Zuena alipogundua kwamba nati zote zifungwe kwanza kwa kidole, spana ije baada ya mnara mzima kukaa sawa. Kona ya kushoto ilimtoa jasho katika baridi ile ya Juni. Kilima cha pili alikijenga kirefu mno, kigari kikafika katikati kikarudi kinyumenyume, akakipunguza matundu mawili. Siku ya kumi gari likaenda mzunguko mzima, na Ahmadi, mtu asiyesifu ovyo, akasema kazi hii hata yeye asingeiweza.

"Sasa lifukize," Mwanakhamisi alisema. "Ni kitu cha watu, kimetoka nyumba tusiyoijua. Ijumaa tatu. Nimekuja na ubani wangu."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo mtu wa pwani lazima alifanye. Kwao nyumba mpya hufukizwa, nguo za bibi harusi hufukizwa, mtoto mchanga hufukizwa. Ikupa, jirani yao Mnyakyusa, Mmoravian wa kanisani kila Jumapili, angeuliza: chuma kinafukizwa cha nini? Zuena hakuuliza. Ijumaa tatu mfululizo, baada ya sala ya adhuhuri, aliweka chetezo chini ya nguzo, akanyunyiza marashi, akaweka kipande cha halua ndani ya kigari, kama alivyoelekezwa, kuondoa uchungu wa chuma. Kudra alikuwa ubavuni pake ameshika chupa ya marashi. Mwanakhamisi hakusogea karibu hata mara moja.

"Moshi unanichefua na tumbo hili," alisema.

Baada ya Ijumaa ya tatu alilala mpaka jua likawa juu, jambo ambalo Zuena hakuwahi kuliona tangu utoto. Kesho yake akapanda basi kurudi Iringa, na wanawake wa kituoni walimsikia akiimba.

Wiki hiyohiyo ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukakaa mjini. Zuena alikuwa jikoni uani, saa tisa za mchana, anamenya viazi, aliposikia chumbani ta-ta-ta-ta.

"Kudra, acha hiyo mashine, vidole vitabanwa."

"Mimi niko hapa, mama," Kudra alisema nyuma yake. Alikuwa ameshika kiazi.

Sauti ikafika kileleni, ikasita, ikaporomoka. Kisha ikaanza tena.

Zuena alikwenda akachungulia. Kigari kilikuwa kimesimama mahali pake, ila mnyororo ulikuwa bado unatikisika, na chumba kilinuka udi mkali wa harusi, wakati ubani ulikuwa umekwisha tangu Ijumaa. Alijiambia ni upepo. Upepo gani, na madirisha yote yamefungwa kwa baridi?

Siku ya tatu Ikupa alikuja kurudisha ungo. Hakuingia ndani.

"Mama Kudra," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nimepita dirishani pako. Hiyo gari yenu inapanda mwenyewe. Na mtoto anaiangalia."

Zuena aliangusha ungo akakimbia. Alimkuta Kudra ameweka kidevu juu ya meza, macho hayapepesi, kichwa kinafuata kigari kikipanda polepole kama kimebeba mzigo mzito kuliko ukubwa wake, na kila kilipofika kileleni mtoto aliacha kupumua, na kilipoporomoka kifua chake kiliporomoka nacho, na mkono wa mashine, ule ambao Zuena mwenyewe aliukaza kwa spana, ulikuwa unazunguka taratibu bila mtu, kwa utulivu wa mtu anayembembeleza mwanawe, na harufu ya udi ilikuwa imejaa mpaka koo likawasha, na ndani ya kigari maharage yalikuwa matatu, Baba, Mama na Kudra, na pale pa nne, pale pa Mama Mkubwa, bati la kiti lilikuwa limebonyea.

Jioni ile Kudra alikataa ugali, akaomba halua. Kesho yake aliomba halua tu. Kila alasiri homa ilimpanda, akalala anayumba kitandani huku na huku na hakuna aliyemgusa. Ahmadi aliuchomoa mnyororo, akautia mfukoni, akaenda nao dukani. Aliporudi alikikuta kigari kinapanda bila mnyororo. Alikaa kitako sakafuni. Mtu huyu alikuwa ameishi na magurudumu maisha yake yote.

"Kitu hakipandi mlima bila kuvutwa," alinong'ona.

"Kinavutwa, mume wangu," Zuena alisema. "Nenda kamlete Shehe."

Shehe Matano aliletwa kutoka Mbalizi, mzee mfupi, mpole, mwenye kikohozi. Aliandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa marashi, akamnywesha Kudra, akamsomea sikioni. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha mtoto akafumbua macho, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kilwa, cha wazee, ambacho Kudra aliyezaliwa Mbeya hakuwahi kukisikia.

"Unanitoa kwa haki gani? Mimi sikuvamia. Nimekabidhiwa."

"Na nani?" Shehe aliuliza.

"Na Mwanakhamisi. Amenichoka. Alijua napenda kupembezwa, akatafuta kitu cha kunipembeza. Huyu hapa akanijengea kipando kwa mikono yake. Akanilisha Ijumaa tatu, kwa mkono wa kulia, bila kushurutishwa. Huyu ndiye mwenye mimi sasa."

Zuena alikumbuka hadithi za utotoni. "Wewe ni jini wa bibi yetu," alisema. "Dada aliniambia ulizikwa na bibi."

"Bibi yenu alizikwa peke yake."

"Unataka nini kwa mtoto wangu?"

"Ninachotaka siku zote. Kwa Mwanakhamisi nilipewa watano."

Kudra akafumba macho, akaanza tena kuyumba.

Shehe Matano alitoka nje na wazazi wawili wakamfuata. Hakuwaficha. Jini aliyekabidhiwa kwa desturi hafukuzwi kwa kisomo, alisema. Ama aliyemtoa ampokee tena kwa ulimi wake mwenyewe, ama mtu mzima wa damu ile amkubali mwilini, ndipo atamwachia mtoto. "Lakini atakayemkubali," alisema, akakohoa, "asitarajie kuzaa tena. Na mtoto mchanga asimpakate maisha yake yote. Huyu anapenda wachanga kuliko wote."

Ahmadi alipeleka telegramu Iringa: Kudra mahututi, Mwanakhamisi aje. Siku mbili kimya. Akapeleka ya pili. Jibu likaja la maneno mawili: SAFARI SIWEZI.

Zuena aliisoma mara nyingi. Uchungu uliomshika haukuwa wa hasira peke yake, hasira angeiweza. Alikuwa anakumbuka vidole vya dada yake vikimsuka nywele, na kidole kilekile kikiwekwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu. Alikumbuka jinsi dada alivyosema anaijua mikono yake. Aliijua kweli. Alikuwa amesafiri na mimba kwa siku nzima ya vumbi ili aje aitumie.

Alasiri hiyo alimtoa Ahmadi chumbani. Akamwondoa Kudra kitandani, akalala yeye mahali pake, na mbele ya Shehe Matano akasema maneno aliyofundishwa, kwa sauti iliyosikika mpaka uani ambako Ikupa alikuwa amepiga magoti anasali kwa namna yake. Kigari kilipanda mara moja ya mwisho. Kilipofika kileleni hakikushuka. Zuena alihisi uzito ukimkalia kifuani, ukatafuta nafasi, ukatulia. Kudra akapiga chafya, akaomba uji.

Ahmadi alilifungua gari lote nati kwa nati, akarudisha vyuma sandukuni, akavitupa mtoni. Kitendo hicho hakikubadilisha lolote, lakini mwanamume naye lazima afanye jambo.

Oktoba Zuena alipanda basi kwenda Iringa. Ahmadi alimkataza, akaenda. Alitaka kumwona dada yake usoni, basi.

Mwanakhamisi alikuwa ameketi ukumbini peke yake na mtoto wa siku hamsini. Alikuwa amenenepa, uso umejaa nuru ya uzazi. Alipomwona mgeni hakuinuka.

"Kudra hajambo?"

"Hajambo."

"Alhamdulillahi." Alitazama chini. "Nani... nani amempokea?"

Zuena aliweka kiganja kifuani, na Mwanakhamisi alipoinua macho alielewa.

"Ulijua atamtaka Kudra," Zuena alisema.

"Nilijiambia labda atakutaka wewe." Aliivuta kanga ya mtoto. "Uongo. Nilijua."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Kukuomba nini?"

"Kunipa huyo jini. Ungeniambia tu, dada, nimezika watano, nimeshindwa, nisaidie. Ningempokea mimi, na mtoto wangu asingeguswa. Ulinibeba mgongoni. Ningekukatalia nini wewe?"

Mwanakhamisi alianza kulia bila sauti. Alilia mpaka kanga ya mtoto ikalowa. Kisha akasimama, akaja karibu, akiwa amemnyanyua mtoto kwa mikono miwili.

"Mume wangu alitaka jina la mama yake," alisema. "Nikakataa. Nimemwita Zuena. Mshike, mdogo wangu. Mshike kidogo tu, nijue umenisamehe."

Mtoto alikuwa macho. Alinuka maziwa. Zuena alitazama chini akaiona mikono yake imekwisha kunyooka kumpokea, vidole vimefunguka, na hakuwa ameinyoosha yeye. Aliirudisha kwa nguvu zake zote, akaifungia makwapani ndani ya buibui, akaibana.

"Mrudishe kifuani," alisema. "Sikuja peke yangu."

Mwanakhamisi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Zuena akatoka bila kuaga, akashika njia ya kituo cha basi, na njia nzima mikono ile ilikuwa inavuta kurudi.