Bunduki ya Swala Jike

Saa kumi na moja jioni Wekulo alibeba sukari kilo moja na pakiti ya majani chai, akatoka mtaa wa Kabiro kwenda mtaa wa mabanda wa Lindi kutoa pole. Khamala alikuwa amekufa.

Alienda kwa miguu. Hakuwa na haraka. Nyumbani hakuna mtu angemuuliza atarudi saa ngapi. Mkewe alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita, na simu za wanawe ziliita tu mpaka zikakatika. Katika ploti yao ya vyumba kumi na viwili, mtu pekee aliyelijua jina lake ni Nasipwondi wa chumba cha pili, msichana wa kufulia watu nguo, mwenye mtoto wa miezi minane na mguu wa kushoto aliouvuta kidogo tangu utotoni. Kwa kuwa wote wawili walitoka Bungoma, alimwita kuka, yaani babu. Jioni nyingine alimletea bakuli la mboga. Mzee aliila polepole sana, ili mazungumzo yasiishe.

Khamala alikuwa rafiki wa zamani. Ujanani walibeba bunduki za wawindaji, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji mwaka wa sabini na saba. Walisafisha mitutu, wakafuata nyayo, na wakamwambia mgeni bunduki gani inamfaa mnyama gani. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuwauliza swali hilo tena.

Matangani kulikuwa na watu wanne kwenye benchi. Mercyline, binti ya marehemu, alipokea sukari kwa mikono miwili, kisha akamvuta Wekulo kando ya mlango.

"Mzee, nani alikuambia baba amekufa?"

"Nilipigiwa simu."

"Na nani?"

Wekulo akafikiri. Ilikuwa sauti ya mwanamume. Haikujitaja.

"Baba alikataza usiitwe," Mercyline akanong'ona. "Alisema Wekulo asikanyage hapa. Enda nyumbani, mzee. Enda sahi, kabla giza iingie."

Alitaka kuuliza zaidi, lakini macho ya yule binti yalimkataza. Akatoka. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mabati, na moshi wa majiko ulikuwa umejaa vichochoroni. Alipiga hatua kama kumi hivi...

"Wekulo."

Mwanamume mrefu alikuwa amesimama kando ya mtaro. Matope yalikuwa kila mahali, lakini viatu vyake vilikuwa safi. Alinuka nyasi zilizonyeshewa, ngozi mbichi, na mafuta ya kusafishia bunduki.

Harufu hiyo ya mwisho ndiyo iliyomsimamisha Wekulo.

"Tuna bunduki tatu," yule mtu akasema, taratibu kama anayeongea kanisani. "Khamala ndiye alikuwa anatuchagulia. Alituambia umebaki wewe tu unayejua."

Wekulo alijua bunduki Lindi ni jela, au ni kifo. Miguu yake ilijua njia ya Kabiro. Lakini ni lini mara ya mwisho mtu alimwambia kwamba anajua kitu? Akamfuata. Milango miwili mbele, wakaingia.

Mlango ukafungwa. Kelele zote za Lindi zikakatika. Redio, watoto, makarai ya mandazi...

Kimya.

Chini ya balbu kulikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka jeupe, na juu ya shuka bunduki tatu zimelala sambamba. Mikono ya Wekulo ikaanza kazi kabla hajaiambia. Ya kwanza ilikuwa nzito, ya ndovu na nyati, risasi zake nene kama kidole gumba. Ya pili ilikuwa two-seventy, ya wanyama wa wastani. Akavuta komeo lake nyuma, akachungulia mtutu kwenye mwanga, na mistari ya ndani ikazunguka safi kama ganda la konokono. Ya tatu ilikuwa two-two, kibunduki cha kwale na sungura, mtutu umeliwa na kutu.

"Mnataka kupiga nini?"

"Swala."

"Swala ni wengi. Uzito wake?"

"Kilo hamsini na kitu. Jike."

"Basi hii kubwa wacheni. Itampasua, nyama yote iharibike, na itakupiga bega teke bure. Unampiga kutoka wapi?"

"Hatua mia mbili. Hakuna upepo."

"Chukua two-seventy. Risasi yake nyembamba, lakini ina mbio. Lenga nyuma ya bega. Anaanguka palepale, hateseki."

Alijisikia akitabasamu. Miaka karibu hamsini, na alikuwa hajasahau! Na huyu mtu alimsikiliza mpaka neno la mwisho. Akajikuta anaongeza swali, kwa utamu tu wa kuulizana.

"Tabia yake je? Anatoka saa ngapi?"

"Alfajiri. Jioni anarudi. Mguu wa kushoto anauvuta. Mchana kutwa yuko kwenye maji. Anainama, anasugua, anainuka, anaanika."

"Swala haaniki kitu," Wekulo akasema.

"Huyu anaanika."

Balbu ililia kama mbu.

"Ana mtoto?"

"Mgongoni."

Wekulo akairudisha two-seventy kitandani. Alimwona Nasipwondi waziwazi, ameinamia beseni la nguo za watu, mtoto amefungwa kwa leso.

"Na nikikataa kuchagua?"

"Khamala alikataa," yule mtu akasema.

Harufu ya nyasi ikawa nzito chumbani, mpaka Wekulo akahema kwa mdomo. Kukataa hakutamwokoa msichana, aliliona hilo. Wangechukua wenyewe ile iliyo nzuri. Lakini walikuja kumtafuta, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito kwao. Akanyoosha mkono, akagusa kile kibunduki chenye kutu.

"Nilikosea. Hii."

"Hiyo ni ya ndege."

"Wa mjini ana ngozi laini. Inatosha."

Yule mtu akamtazama muda mrefu. Hakupepesa macho hata mara moja.

"Umechagua," akasema.

Kelele za Lindi zikamrudia Wekulo ghafla kama kofi. Alikuwa amesimama kichochoroni. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mabati, mzima, hauna mlango.

Akapanda bodaboda mpaka Kabiro. Nasipwondi alikuwa mlangoni pake, amechuchumaa kando ya jiko, anakoroga uji. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka ndani.

"Kuka, mbona unahema hivo?"

"Ingia ndani. Funga mlango."

"Kwani kuna nini?"

Akainuka, mwiko mkononi.

"Ai!"

Hapakuwa na mlio wowote. Nasipwondi akapeleka mkono nyuma ya bega la kushoto, akautazama. Vidole vilikuwa na damu. Tundu lilikuwa dogo, sawa na ncha ya penseli.

Kwenye zahanati walimpiga picha ya eksirei, wasione risasi wala msumari. Wakamfunga bandeji. Asubuhi bandeji ilikuwa imelowa. Wakabadilisha, ikalowa tena. Tone, kisha tone. Haikuwa damu nyingi, ila haikukoma. Siku ya tatu alishindwa kuinua beseni. Siku ya tano mtoto alilia kwa njaa, maziwa yalikuwa yamepungua. Wekulo alimbeba mtoto, akamkorogea uji, akafua nguo zake. Usiku alilala kwenye benchi, kati ya mlango wake na mlango wao, asipate usingizi.

Jioni ya sita aliyaona matone ya damu. Yalitoka kwenye mfereji wa maji wa ploti, yakapita kwenye kamba za nguo, mpaka mlangoni kwa Nasipwondi, yamepangana kama shanga.

Hapo ndipo akaelewa alichofanya.

Risasi ndogo haimwokoi swala. Inamjeruhi. Na mwindaji anayejua kazi hamkimbilii mnyama aliyejeruhiwa. Anakaa chini. Anavuta sigara yake. Anamwacha achoke, kisha anafuata damu polepole mpaka mahali amelala. Wekulo mwenyewe alikuwa ameifuata damu hivyo mara nyingi, na akasifiwa.

Akaleta ndoo na tambara, akapiga magoti, akafuta tone moja moja mpaka giza likaingia. Wapangaji walimcheka. Yeye alitazama lango tu. Pale langoni, kwenye vumbi, palikuwa na alama za viatu viwili vilivyosimama pamoja. Havikuwa vimeingia. Bado.

Kesho yake akamwomba Nasipwondi ile leso waliyolibania tundu usiku wa kwanza, iliyolowa damu.

"Ya nini, kuka?"

"Nitaenda nayo mahali. Nikitoka hapa, usinitafute. Usinipigie simu. Ukiniona barabarani, pita."

"Nimekukosea?"

"Hapana, mwanangu."

Nasipwondi akaanza kulia. Mzee hakujua namna ya kumnyamazisha, kwa hiyo akamshika mtoto kisigino kidogo tu, akatoka. Akajichoma kidole gumba kwa kisu, akadondosha tone penye alama za viatu. Kisha akaifunga leso kwenye kifundo cha mguu wake, akaiburuta, ili mwenye viatu aifuate damu hiyo. Jua lilikuwa linazama. Akapita Kabiro yote, akavuka Ngong Road magari yakimpigia honi, akashuka mpaka Lindi. Mercyline alikuwa amesafirisha maiti mashambani, hakuna tena aliyemjua kule. Ndiyo maana akapachagua. Akapanga chumba, akakaa.

Wiki mbili baadaye alikutana na Ken, muuza maji wa Kabiro, karibu na reli.

"Mzee! Nasipwondi amepona, ujue. Ile kidonda ilikauka usiku uleule ulienda. Ameanza kufua tena. Huuliza kila mtu kama amekuona."

Wekulo akaitazama reli, ili Ken asiuone uso wake.

"Mwambie hujaniona."

"Mzee, na hiyo ni damu kwa shati?"

Akajitazama. Nyuma ya bega la kushoto, ndiyo, palikuwa na doa dogo, bichi. Hakuwa amesikia maumivu yoyote.

"Ni kutu," akasema, akaondoka.

Hapigi simu. Hajifunzi majina ya majirani. Mtoto akimsalimia, anaitikia kwa kichwa na kupita upesi, asije akaonekana ana mtu wake wa karibu. Anatembea kila jioni, kwa sababu mnyama anayetembea bado hajachoka. Njia zake zote ni za matope, mabati na lami. Lakini akisimama kupumua, anasikia nyuma yake, mbali kiasi cha hatua mia mbili, majani marefu yakilazwa chini na viatu vya mtu asiye na haraka.