Mstari Mmoja wa Kalamu

Jirani yetu tunayemwita Sista aliuguza watu mpaka akastaafu, na hadi leo ukimsalimia hukutazama macho kwanza kama yana manjano. Kwa hiyo mdogo wake, kitindamimba wa kwao, alipolazwa kwa homa ya mapafu, mama yao hakutaka kusikia la daktari.

"Wewe ndiye unayejua kusoma yale makaratasi," alimwambia Sista. "Niambie mwanangu anapona au haponi."

Asubuhi ile wodi ilikuwa shwari. Kitindamimba aliketi kitandani akinywa uji, akamtania dada yake kwamba amekuja na sindano zake za enzi za mababu. Sista alicheka, akavaa miwani, akafungua faili. Joto, presha, mapigo, pumzi. Vyote vya kutia moyo. Kisha akaona kwamba nafasi za mchana, za alasiri na za jioni nazo zimeshajazwa.

Hakushtuka. Wauguzi wakielemewa na kazi hujaza vipimo kabla ya saa yake, wakikisia kwa kuangalia vya asubuhi. Ni uvivu, na alijiandaa kumsema mtu. Lakini anayekisia huandika mgonjwa aliye vilevile. Huyu alikuwa ameandika mgonjwa anayezama. Joto linapanda, mapigo yanakwenda mbio, halafu yanafifia. Mstari wa jioni ulisema: Mapigo hakuna. Pumzi hakuna. Amefariki.

Alimwita muuguzi wa zamu. Binti alisoma, rangi ikamtoka.

"Huu si mwandiko wangu, Sista," alinong'ona. "Wala wa yeyote hapa."

"Nani mwingine ameshika faili hili?"

"Ni mimi tu."

Mchana walimpima pamoja. Tarakimu zilikuwa zilezile zilizokwisha kuandikwa. Daktari akaitwa, dawa zikabadilishwa, akawekewa oksijeni. Alasiri wakapima tena. Zilezile. Kitindamimba hakuwa na utani tena. Alikuwa amemng'ang'ania dada yake mkono.

"Dada, nasikia baridi. Usiniache niende."

Sista aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Jua lilipoanza kuzama akachukua kalamu. Alifanya kama alivyofundishwa, na kama alivyowafundisha wengine: kosa kwenye faili halifutwi wala ukurasa hauchanwi. Hukatwa kwa mstari mmoja tu, ili la kwanza liendelee kusomeka, kisha la kweli huandikwa kando na kutiwa sahihi. Akalikata neno Amefariki. Kando yake akaandika: Ameruhusiwa, amekwenda nyumbani kwa miguu yake. Akatia sahihi.

Kitindamimba akaacha kuhema.

Kisha akaketi. Akavua kinyago cha oksijeni, akavaa viatu, akatoka bila kumtazama mtu. Binti wa zamu alirudi nyuma mpaka akagota ukutani.

Nyumbani mama alilia kwa furaha. Alimwekea mwanawe kiti, akammiminia chai, akampapasa mabega, akasema huyu mtoto amepigwa na baridi, aletewe blanketi. Chai ikapoa bila kuguswa.

Mama alipoingia ndani kutafuta blanketi la pili, Sista alimshika mdogo wake kifundo cha mkono. Akatafuta mapigo. Hakuna. Akatafuta shingoni. Hakuna. Ngozi ilikuwa baridi kama sakafu.

"Dada." Kifua chake hakikupanda. "Bado linasomeka."

"Nini, mdogo wangu?"

"Ulilolikata. Nimekufa, na nimeruhusiwa. Yote mawili." Macho yake hayakupepesa. "Nimechoka. Nenda kaniandikie nipumzike."

Alikwenda kesho yake, mapema, kalamu mkononi. Moyo ulimuuma, kwani alikuwa anakwenda kumuua mdogo wake aliyemlea mgongoni. Binti wa zamu alimpa faili. Lilikuwa zito. Lilikuwa limenenepa.

Alifungua. Kurasa mpya, nyingi, zimejazwa mpaka pembeni. Tarehe za kesho. Za mwaka ujao. Za wakati ambao mama yao hatakuwepo, wala yeye mwenyewe. Mapigo hakuna. Pumzi hakuna. Yuko nyumbani. Alitafuta nafasi ya neno moja tu. Haikuwepo.

Chini ya kila ukurasa palikuwa na sahihi yake. Alipogusa ile ya mwisho, wino ukamchafua kidole.