Wiki ya Majaribio

Jumatatu, saa 4:30 asubuhi

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili chafu. Kipara alitandaza mchoro wa jengo juu ya meza, akaugandamiza kwa spana mbili. Ndiye mkubwa wao. Hapendi maswali wala vicheko. Sindano, mkata sefu, alikuwa anachokonoa kucha kwa kisu. Wa tatu alikuwa Fundi, na bila Fundi hakukuwa na kazi.

Jengo lilikuwa limefungiwa mtambo mpya wa kuokoa watu moto ukizuka: vifaa vya kunusa moshi, kengele, na mfuko mrefu wa kitambaa kisichoshika moto, unaokaa sandukuni na kuteremshwa ukutani nyuma, kutoka ghorofa ya kumi na tano hadi chini. Unaingia kwa dirisha la ghorofa yoyote, unateleza, dakika moja uko ardhini. Fundi ndiye aliyeufunga. Wiki hii alikuwa anaujaribu kabla ya kuukabidhi, na wakati wa majaribio kengele hulia ndani tu. Zimamoto hawapati habari.

Gesi ya kukatia sefu ya sonara, ghorofa ya kumi na mbili, lazima ingeamsha kengele. Kwa hiyo Fundi aipige kila mchana mpaka watu waichoke. Ijumaa, sonara akifunga kwenda kula, waingie, wakate, wateremke kwa ule mfuko na mawe yake ya thamani.

"Dada yangu anafanya kazi ghorofa ya kumi na tano," Fundi alisema.

"Mwambie asihangaike na kengele," Kipara akajibu. "Asije akatuletea kiherehere."

Dada huyo alimlea tangu mama yao alipofariki. Aliuza cherehani yake ili mdogo wake asomee umeme. Fundi angeweza kuinuka pale mezani akaenda zake. Hakuinuka. Alikuwa amechoka kupanda ngazi za wenye nacho na begi la vifaa begani.

Jumanne kengele ilipolia, dada alishuka mbio, viatu mkononi. Jumatano alipiga simu kumtania kwamba mtambo wake una kelele kuliko mama mkwe. Alhamisi hakuinua hata kichwa. Fundi alifurahi. Ndiyo, alifurahi, mjinga yule.

Ijumaa, saa 6:50 mchana

Fundi alifungua sanduku la mfuko, ghorofa ya kumi na tano, akauteremsha, akafunga tena sanduku. Ufunguo ulikuwa mmoja tu. Fundi haukabidhi mpaka majaribio yaishe, ndiyo desturi ya kazi yao. Akauvaa shingoni. Dada alimpungia mkono kutoka mezani kwake.

Saa 7:08

Walivunja mlango wa sonara. Sindano akauwekea kabari mlango wa ngazi ubaki wazi, ili wawe na njia ya pili. Fundi alimwonya kuwa mlango ule hujifunga wenyewe kuzuia moshi usipande ngazini. Sindano alimwambia aache ualimu.

Saa 7:21

Kengele ililia. Hakuna aliyetoka ofisini. Sefu ikaachia, lakini cheche zilikuwa zimeshaingia kwenye pazia. Fundi akalivuta, likamwangukia miguuni linawaka.

"Achana nalo. Mawe," Kipara alisema.

Saa 7:27

Walikuwa chini. Kipara alitaka mfuko ukunjwe, watu wasijue wamepita wapi. Pale chini kuna kitufe cha kukunjia. Kuuteremsha ni juu tu, kwa ufunguo. Fundi alibonyeza. Mikono yake ilishazoea. Mfuko ulipofika juu kabisa ndipo alipoona moshi mweusi ukitoka ghorofa ya kumi na mbili.

Aligeuka. Gari lilikuwa linapinda kona, Kipara na Sindano ndani, hawakumsubiri.

Saa 7:31

Aliwapigia zimamoto, kisha dada yake.

"Najua ni wewe," dada alicheka. "Niache nimalizie kazi."

"Dada, ni moto kweli. Tokeni."

Alimwamini papo hapo. Fundi alimsikia akiwaamsha wenzake, viti vikiburuzwa. Kisha ngazi: moshi, wakarudi wakikohoa. Kisha sanduku la mfuko.

"Limefungwa. Ufunguo uko wapi?"

Fundi alikuwa ameushika. Alikimbilia ngazini, simu sikioni. Kwenye ghorofa ya tisa moshi ulimziba pumzi. Akajaribu tena akitambaa, akaanguka. Mlinzi alimburuta hadi nje, akimuuliza kwa hasira kama haya nayo ni majaribio.

Saa 7:44

Gari la zimamoto liliwasili. Ngazi yake iliishia ghorofa ya kumi.

"Mdogo wangu, tupite wapi?"

Alilijua jengo lile mlango kwa mlango, waya kwa waya. Hakuwa na pa kuwapeleka. Aliwaambia wafunge mlango, waloweshe nguo, walale chini karibu na dirisha.

"Uko wapi wewe?"

"Niko chini, dada."

"Usikate simu."

Alitaka kumwambia yote. Upande wa pili mtu alikuwa analia. Kisha akamsikia dada yake, sauti ikikwaruza, akiwatuliza wenzake.

"Tulieni jamani. Mdogo wangu ndiye aliyefunga mtambo huu. Anakuja."