Nilimuua Bibi Yunisi kwa Meseji

"Tumekuja kumlilia bibi."

Mwalimu wangu wa chuo, Madam Klara, alisema hivyo akishuka kwenye gari, uwanjani kwetu Ihanja. Nyuma yake wanafunzi wenzangu wawili, mmoja kabeba mchele, mwingine sukari.

Na bibi yangu, Bibi Yunisi, alikuwa amekaa pale pale mlangoni anapiga alizeti!

Mzima. Hata mafua hana.

Ndugu zangu...

Ngoja niwaambie ilivyokuwa. Naitwa Dina, nasoma fasihi ya kisasa ya Kihispania. Ndiyo, Kihispania, msicheke. Tulipewa riwaya ya kurasa mia nne tuandike insha. Mimi nikawa bize na simu. Zimebaki siku mbili, nipo ukurasa wa kumi na moja, na kila mstari nafungua kamusi!

Nikamtumia Madam meseji: "Nimefiwa na bibi aliyenilea, kwetu Ihanja. Naomba muda."

Akanipa wiki mbili, na pole juu. Nikaja zangu nyumbani kusoma. Sikujua kwamba ana harusi Singida mjini, na kwamba angepitia kunipa pole! Alipofika Ihanja akauliza barabarani kwa kina Dina, akaelekezwa.

"Shikamoo bibi," Madam alimwambia. "Poleni sana. Tumesikia bibi yake Dina ametutoka."

Bibi akaacha alizeti. Akaniangalia.

Mimi macho chini. Leo nimekwisha...

"Marahaba, wanangu," bibi akajibu taratibu. "Tumeshapoa. Mimi ni mdogo wake marehemu Yunisi. Karibuni ndani."

Jamani!

Waliingia, wakasali. Madam akamwomba Mungu amlaze Yunisi mahali pema. Na Yunisi mwenyewe, kainamisha kichwa, akaitikia:

"Amina."

Walipoondoka nilipiga magoti.

"Bibi, nisamehe..."

"Umeniua kwa sababu gani?"

"Kitabu, bibi. Kilinishinda."

Akarudi kwenye alizeti yake. Kisha akasema, "Basi kisome. Nisiwe nimekufa bure."

Nikakisoma chote. Insha ikapata A. Nikajiona mjanja!

Miezi mitatu baadaye nipo chuoni, kesho yake tuna mtihani. Mjomba Lazaro akapiga.

"Dina, bibi ameanguka shambani. Hatunaye. Tunazika kesho saa nane. Njoo."

Nilikimbia hadi ofisini kwa Madam, nalia. Nikainua mkono nibishe hodi...

Ningesema nini? Naomba ruhusa nikamzike nani?

Nikashusha mkono.

Kesho yake, saa nane mchana, nilikuwa chumba cha mtihani nachambua kifo cha mama mmoja kwenye hadithi ya Kihispania. Ihanja wanamwaga udongo juu ya bibi yangu.

Karatasi ililowa hadi wino ukasambaa.

Nilivumilia wiki moja tu. Nikamfuata Madam, nikamwambia yote. Akavua miwani.

"Yule mama aliyetukaribisha... ndiye?"

"Ndiye, Madam."

Akairudisha miwani usoni. Kisha:

"Dina, ungeniambia tu kitabu kimekushinda. Hizo wiki mbili ningekupa."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Insha ilifutwa, somo narudia. Sawa tu. Kinachonitafuna ni mjomba. Simu zangu hapokei, ukoo mzima umeambiwa nilichagua mtihani. Mara ya mwisho kupokea alisema hivi:

"Bibi yako alikuwa anawatambia majirani, eti mjukuu wake kasoma kitabu cha Wahispania mpaka kikaisha. Wewe hata koleo la udongo hukuja kummwagia."

Akakata.

Bibi hakuwahi kumwambia mtu kwamba nilimuua. Siri yangu kazikwa nayo.

Nyie mnaoomba ruhusa kwa misiba ya uongo, niangalieni mimi. Ukishamzika mtu kwa mdomo, siku akifa kweli utakosa hata pa kumlilia.